Betri ya kibanda umiza isimnyime shabiki wa Simiyu kipindi cha pili

MCHEZO wa pili wa siku, dakika ya 67. Watu wamebanana kwenye mabenchi ya mbao, jasho linawatiririka, winga kashaingia ndani ya boksi na mbele yake kabaki beki mmoja tu. Runinga inazima. Kimya cha sekunde mbili, halafu kelele, na zote zinamwelekea mtu mmoja: yule aliyekaa mlangoni akikusanya viingilio.

Shabiki wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega hahitaji kusimuliwa hilo. Na safari hii wa kulaumiwa si TANESCO peke yake. Nje ya miji, kuna vibanda umiza vinavyoendeshwa na paneli moja au mbili juu ya bati na betri moja chini ya meza. Betri hiyo ndiyo mwamuzi wa mwisho. Ikishapuliza filimbi, hakuna VAR.

Hata Dar es Salaam iliwahi kuonja aibu hiyo. Aprili 30, 2023, Yanga ikiwa nyumbani dhidi ya Rivers United ya Nigeria kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, taa za Uwanja wa Benjamin Mkapa zilizimika na mchezo ukasimama, Afrika nzima ikitazama. Taa zikarudi, mpira ukaisha 0-0, Yanga ikasonga mbele. Tofauti ni kwamba pale palikuwa na viongozi wa kuulizwa kesho yake. Kibandani Dutwa au Mwanhuzi, taa ikizima, anaulizwa nani?

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo la kujaza ukurasa. Si dogo. Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, haina timu Ligi Kuu. Anayetaka kuiona ligi hiyo kwa macho yake anapanda basi kwenda CCM Kirumba, Mwanza. Kwa Mkapa ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa maelfu ya mashabiki wa mkoa huu, kibanda ndio uwanja wenyewe, na kiingilio cha kibanda ndiyo tiketi yao. Novemba 5, 2023, dabi ya Kariakoo ilikwenda mapumziko ikiwa 1-1. Mabao manne yaliyobaki ya ile 5-1 ya Yanga yalifungwa yote kipindi cha pili. Aliyezimikiwa na betri mapumziko siku ile alikosa dabi nzima, hata kama wa Msimbazi huenda walimshukuru Mungu kwa giza.

Sasa betri za lithiamu zimeingia madukani, na wenye vibanda wameanza kuulizana kama zinafaa au ni maneno ya wauzaji tu. Jibu ni kwamba zinafaa. Lakini anayedhani ni kuchomoa betri ya zamani, kuchomeka mpya na kukaa kusubiri dabi, atapoteza hela mara mbili, na kijiji chake kinaweza kupoteza kitu kikubwa kuliko hela.

Betri inayotumika sana ni ile ya risasi na asidi, ambayo mtaani inaitwa betri ya maji, au N70 iliyotolewa kwenye gari. Ni teknolojia kongwe mno. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, miaka minne kabla ya Chama cha Soka cha England kuanzishwa mwaka 1863. Yaani betri hiyo ni ya zamani kuliko sheria ya kuotea ya chama hicho. Bado inafanya kazi, na kwa kuwasha gari haina mpinzani kwa bei. Tatizo linaanza inapopewa kazi isiyo yake. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, injini ikishawaka ipumzike. Ukiibana ihudumie runinga saa nne mfululizo, siku nne kwa wiki, ni sawa na kumpanga mkimbiaji wa mita 100 acheze kiungo mkabaji dakika 120.

Hesabu yake inaingia kwenye daftari la kibanda lolote. Runinga ya inchi 43 inakula wati 80 hivi, king'amuzi 15, sabufa 35, taa 10. Inveta nayo inajikatia chake, jumla inafika kama wati 160. Betri ya maji ya ampea 100 na volti 12 ina wati-saa 1,200 kwenye stika, lakini ukiitaka idumu hutakiwi kuinyonya zaidi ya nusu. Zinabaki 600. Gawanya kwa 160, unapata saa tatu na dakika 45. Sasa toa nusu saa ya muziki na uchambuzi kabla ya mpira, toa dakika 110 za mchezo wa kwanza pamoja na mapumziko na nyongeza. Kwa mchezo wa pili zinabaki dakika 85. Toa mapumziko, toa nyongeza za kipindi cha kwanza. Giza linaingia dakika ya 67 au jirani yake, na hapo betri ni mpya. Ikishafikisha mwaka wa kunyonywa mpaka tone la mwisho, hata huo mchezo wa kwanza hauimalizi.

Betri ya lithiamu ya aina inayopendekezwa kwa kazi hii, ile yenye chuma na fosfeti, ampea 100 hizo hizo ni wati-saa 1,280, na asilimia 80 yake inatumika bila kuiumiza. Hiyo ni zaidi ya saa sita. Michezo miwili inaisha na ya mahojiano baada ya mechi inabaki. Uzito wake ni kilo 11 hadi 13, wakati mwenzake wa maji ana kama 30. Betri ya maji ikinyonywa nusu nusu huhimili mizunguko ya kuchaji 300 hadi 500, lithiamu iliyo halali huanzia 2,000 kwenda juu. Kibanda kinachoonyesha mpira siku nne kwa wiki kinapiga mizunguko kama 200 kwa mwaka, kila mtu akokotoe mwenyewe. Bei ya kununua ndiyo inayotisha, maana mara nyingi ni mara mbili au tatu ya ile ya maji. Ndiyo maana wengi wanasubiri msimu wa pamba ulipe.

Anayetaka kuona mabadiliko haya yanavyokwenda vizuri na yanavyoharibika, aangalie kigari cha gofu. Shabiki wa soka anakijua hata kama hajawahi kuona mtu akicheza gofu, kwani ndicho kile kigari cha umeme kinachoingia uwanjani kwenye michuano mikubwa kubeba majeruhi, kimya kimya, bila moshi. Kwa miaka mingi vigari hivyo vimebeba betri za risasi chini ya kiti, kwa kawaida sita za volti 8 zilizofungwa kwa mfuatano kupata volti 48. Hizo sita tu zina uzito wa zaidi ya kilo 150, na lazima mtu akumbuke kuziongezea maji. Jioni zikianza kuchoka, kigari nacho kinachoka, kinapanda kilima kama mzee mwenye goti bovu. Pakiti ya lithiamu inayofanya kazi ile ile ina kama kilo 50. Kigari kinakuwa chepesi, nyasi zinapona, kasi haishuki mpaka chaji inapokaribia kwisha kabisa. Huko Marekani wenye vigari vya zamani wanavibadilisha kwa wingi.

Lakini hao hao wamejifunza kwa gharama. Wengine walibadilisha betri wakaacha chaja ya zamani. Wengine waliacha geji ya zamani kwenye dashibodi, ikawa inasema chaji imejaa mpaka kigari kinasimama ghafla katikati ya kiwanja. Makosa hayo mawili ndiyo yanayomsubiri mwenye kibanda wa Simiyu, kwa sababu umeme ni ule ule, iwe gofu au kandanda.

La kwanza ni kontrola, lile boksi dogo linalopokea umeme wa paneli na kuupeleka kwenye betri. Zipo kontrola zilizotengenezwa kwa betri ya maji tu. Mara moja moja zinaipandisha mpaka volti 15 au zaidi ili asidi ichemke na kuchanganyika. Kwa betri ya maji hiyo ni dawa, kwa lithiamu ni sumu. Lithiamu ya volti 12 inataka iishie kati ya 14.2 na 14.6, bila kuchemshwa. Kontrola nyingine zina sehemu ya kuchagua aina ya betri, ni suala la fundi kubonyeza tu. Zisizo na sehemu hiyo zibadilishwe, na gharama yake ihesabiwe kabla ya kwenda dukani, isije kuwa habari mpya baada ya betri kununuliwa. Fundi anayesema "hiyo hiyo ya zamani inatosha" bila hata kuifungua aisome, huyo anacheza pata potea na pesa ya mwenzake.

Geji nayo inadanganya. Betri ya maji volti zake zinashuka polepole, ikifika 12.2 kila mtu anajua nusu imekwenda. Lithiamu haishuki hivyo. Inakaa kwenye 13 na ushee muda mrefu, na hata ikibaki na asilimia 20 bado inasoma karibu 13, namba ambayo kwa macho ya mtu wa betri ya maji ni "imejaa". Halafu ndani yake kuna kibao cha ulinzi ambacho kikiona chaji imefika chini kabisa kinakata bila kuaga. Mwenye kibanda anaapa mbele ya mashabiki kwamba betri imejaa, dakika mbili baadaye wako gizani. Tiba yake ni mita inayohesabu umeme unaoingia na kutoka na kuonyesha asilimia. Ni kifaa kidogo. Vibanda vingi vinanunua spika ya pili kabla ya kukifikiria.

Halafu lipo kosa la kutaka kuunganisha betri mpya ya lithiamu na ile ya maji "ili zisaidiane". Hazisaidiani. Kila moja ina volti zake na tabia zake za kupokea chaji, moja itamwagia nyingine, na mwisho wa siku zote mbili zinaumia. Mabeki wawili wasioelewana wana nafuu, angalau hao kocha anaweza kumtoa mmoja.

Na paneli? Betri haizalishi umeme, inatunza tu. Jua la Simiyu ni zuri, lakini paneli ya wati 100 kwa siku ya kawaida huleta kama wati-saa 375 baada ya kupoteza za njiani. Siku ya michezo miwili inahitaji karibu 670. Mwenye paneli hiyo moja akinunua lithiamu ya bei kubwa, atakuwa na tangi kubwa lisilojaa. Paneli ya 200 inatosha kwa shida, na wakati wa mvua haitoshi. Wapo watakaopata nafuu zaidi kwa kuongeza paneli kwanza, betri baadaye. Muuzaji hatasema hivyo, kwa hiyo na lisemwe hapa.

Soko lenyewe lina bidhaa za kila aina. Stika ya ampea 200 inabandikwa hata kwenye boksi lenye seli zilizotolewa kwenye kompyuta chakavu. Mizani inasaidia kuanza nayo, kwani betri ya lithiamu inayodai ampea 100 na ina kilo tano, mtu aiache hapo hapo. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuichaji ijae, kuifungia mzigo wa wati 100 na kuangalia saa. Betri halali ya ampea 100 inafika saa 11 au 12 hivi. Mwenye duka anayekataa kipimo hicho au kukataa kuandika dhamana kwenye risiti amejibu swali tayari. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na Tume ya Ushindani wanajulikana kwa misako ya bidhaa feki mijini. Betri zinazoteremshwa Bariadi na Lamadi nazo zinahitaji macho yao.

Moto pia usipuuzwe, kwa sababu kibanda kina watu zaidi ya 100 na mara nyingi mlango mmoja. Lithiamu ya chuma na fosfeti ni tulivu kuliko aina nyingine za lithiamu, lakini haipendi joto la bati la saa nane mchana, na waya mwembamba usio na fyuzi utawaka bila kujali betri imetoka wapi. Betri ya maji nayo si malaika. Inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inalipuka kwa cheche moja, na mtu anawasha sigara pembeni yake wakati wa penalti.

Hayo yote ni ya pesa na uhondo. Lililo zito limebaki chini ya meza, nalo ni betri iliyotolewa.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya maji ni risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu risasi inaingia kwenye ubongo unaokua na kuupunguzia uwezo wa kujifunza na kutulia. Senegal, nchi ambayo mashabiki wa hapa wanaiogopa kwa soka lake, ina kitongoji cha Dakar kinachoitwa Thiaroye-sur-Mer. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 watoto 18 walikufa huko katika eneo ambalo betri chakavu zilivunjwa na mchanga wake kuchekechwa kutafuta risasi ya kuuza. Mombasa, kwenye mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani na mtoto wake akaugua, aliipigania kesi hiyo miaka nenda rudi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe Sh1.3 bilioni za Kenya, uamuzi huo ukapinduliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Pesa hiyo hairudishi akili ya mtoto iliyokwishaharibika.

Simiyu haijafika huko na hakuna sababu ifike. Lakini njia ni fupi. Betri iliyokufa inatupwa nyuma ya kibanda. Watoto ambao hawana kiingilio hukaa hapo hapo nyuma, wakichungulia mpira kwenye tundu la ukuta. Anapita mnunuzi wa chuma chakavu, anaona kilo 30 ni nzito, anamwaga asidi chini ya mwembe ili mzigo upungue. Au mtu anaipasua, anayeyusha risasi kwenye sufuria apate vizito vya nyavu, na Ziwa Victoria liko Busega hapo hapo. Vumbi linabaki kwenye udongo ambao jioni unageuka kiwanja cha chandimu. Vijana wanaotarajiwa kuipa Simiyu timu ya Ligi Kuu siku moja ni hao wanaocheza peku kwenye udongo huo.

Kwa hiyo duka linalouza lithiamu lipokee betri ya zamani ikiwa nzima, na asidi yake ndani, na lipunguze bei ya mpya kulingana na kilo. Si hisani, kwani risasi chakavu ina soko na inauzwa kwa uzito. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, linahesabu betri chakavu kuwa taka hatarishi, na wanaozikusanya wanatakiwa kuwa na kibali. Halmashauri zinazotoza ushuru wa vibanda zinajua kila kibanda kilipo, maana siku ya kukusanya ushuru hakuna kinachosahaulika. Ofisa biashara akifika na kitabu chake cha risiti, aulize pia swali moja: betri ya zamani iko wapi? Chama cha soka cha mkoa kina nafasi yake, kwa sababu wenye vibanda ndio hao hao wanaochangia jezi na mipira ya ligi za wilaya, na kikao kimoja na fundi anayejua kazi kingewaokolea hela nyingi.

AFCON 2027 itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Safari hii hakuna kuamka usiku kufuata saa za bara jingine, lakini Bariadi itaitazama kwenye runinga kama kawaida, na mechi zitakuwa zaidi ya moja kwa siku. Mwenye kibanda anayetaka kubadilisha betri aanze sasa, kwa siku ya kawaida isiyo na mpira wa maana. Aichaji ijae, awashe kila kitu, aandike saa kwenye daftari, akae asubiri izime yenyewe.